NURU NA RANGI: MAFUNZO KUTOKA MARUNDO YA NGANO

Mtoto akipewa karatasi na kalamu za rangi, akaambiwa achore shamba, hasiti hata kidogo. Majani huyapaka kijani, shina la mti hulipaka rangi ya udongo, mbingu huipaka buluu, na jua hulipaka manjano. Hakuinua kichwa wala hakuchungulia nje. Alichokichora si shamba, bali ni majina ya vitu vilivyomo shambani. Watu wazima wanaoanza kujifunza kuchora kwa rangi hufanya vivyo hivyo, kisha hustaajabu kuona kwamba picha zao hazina uhai, ingawa kila kitu kimo mahali pake na kila rangi ni ile inayojulikana na wote.

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Neno hilo ni la kweli, kwa kuwa jicho huona kila kilicho mbele yake. Lakini mazoea nayo ni pazia zito. Mtu akiisha kujua kwamba jani ni la kijani, huacha kulitazama. Akili humjibia kabla jicho halijasema. Kwa sababu hiyo, somo la kwanza la mchoraji si la mkono bali ni la jicho, na aliyelionyesha somo hilo waziwazi kuliko wengi ni Mfaransa mmoja, Bwana Claude Monet, ambaye katika miaka ya 1890 na 1891 alichora marundo ya ngano ya jirani yake yapata mara ishirini na tano, na kila mara rangi zake zikawa mbali mbali.

Kijana wa Bandarini

Monet alizaliwa mjini Paris tarehe 14 Novemba, 1840, akakulia Le Havre, mji wa bandari ulio kaskazini ya Ufaransa. Alipokuwa kijana alijipatia fedha kwa kuchora sura za watu kwa mzaha, na watu walipenda kuzinunua. Huenda angaliendelea na kazi hiyo maisha yake yote, kama asingalikutana na mchoraji aliyemzidi umri kwa miaka kumi na sita, jina lake Eugène Boudin. Huyo alimchukua nje ya mji, akamketisha mbele ya mashamba na bahari, akamfundisha kuchora palepale, chini ya mbingu yenyewe.

Jambo hilo halikuwa la kawaida zamani zile. Wachoraji wengi walikwenda nje kuandika alama chache tu, kisha wakarudi kumaliza picha zao ndani ya chumba. Tena, rangi za mafuta zilikuwa taabu kuzichukua, maana zilihifadhiwa katika vibofu vya nguruwe, ambavyo vilipasuka au kukauka upesi. Mwaka 1841 mchoraji wa Kimarekani, John Goffe Rand, alipata hati ya haki kwa mrija wake wa bati wenye kifuniko, na tangu hapo mtu aliweza kutia rangi zake mfukoni akaenda nazo porini. Hivyo chombo kidogo kikafungua mlango wa elimu kubwa.

Mwaka 1861 Monet alipelekwa Aljeria kuwa askari katika jeshi la Ufaransa. Alikaa huko kama mwaka mmoja, akaugua, akarudishwa kwao. Miaka mingi baadaye alisema kwamba nuru na rangi alizoziona katika nchi ile ya Afrika zilikuwa mbegu ya kazi zake za baadaye. Lakini mbegu hiyo ilikawia kuzaa. Kwa miaka mingi aliishi katika madeni, akiwaandikia rafiki zake barua za kuomba fedha. Mwaka 1874 yeye na wenzake walipoonyesha picha zao mjini Paris, gazeti moja liliwadhihaki kwamba walionyesha vitu visivyokwisha kuchorwa.

Yafaa basi kueleza, moja baada ya moja, yale aliyoyaona mtu huyu na ambayo wale wenye kudhihaki hawakuyaona.

Rangi Hutoka kwa Nuru

Jambo la kwanza ni kwamba rangi haikai ndani ya kitu kama vile mafuta yanavyokaa ndani ya nazi. Katika miaka ya 1660 Mwingereza Isaac Newton aliruhusu mshale mwembamba wa jua kuingia katika chumba chenye giza, akauzuia kwa kipande cha kioo chenye pembe tatu. Nuru ile nyeupe ikatoka upande wa pili imetawanyika kama upinde wa mvua, kuanzia nyekundu hadi zambarau. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1704 alieleza kwamba nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi zote. Kitambaa huonekana chekundu kwa sababu hurudisha sehemu nyekundu ya nuru na kuzimeza nyingine.

Mkulima na karani wote wawili waweza kuona maana ya jambo hilo. Ikiwa rangi ya kitu ni ile nuru inayorudishwa nacho, basi nuru ikibadilika, rangi nayo haina budi kubadilika. Jua la asubuhi na la jioni hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, na hewa hiyo hutawanya sehemu ya buluu njiani. Ndiyo maana nuru ya saa hizo ni ya manjano au nyekundu. Karatasi ya ofisini iliyowekwa karibu na taa ya mafuta usiku si nyeupe hata kidogo, bali ni ya manjano kama siagi. Hata hivyo karani ataapa kwamba ni nyeupe, maana akili yake huisahihisha kwa siri. Usahihishaji huo ni msaada mkubwa katika maisha ya kila siku, kwa kuwa bila huo mtu asingaliweza kumtambua ng'ombe wake jioni. Lakini kwa mchoraji ni kizuizi, naye lazima ajifunze kuuweka kando.

Kiasi cha Mwanga

Jambo la pili huwasumbua wanafunzi wengi kuliko yote. Kila rangi ina mambo mawili yaliyo mbali mbali: kwanza ni rangi gani, yaani nyekundu au buluu au nyingine; pili ina mwanga kiasi gani, yaani inakaribia weupe au inakaribia weusi. Mtu akipiga picha kwa kamera ya filamu nyeusi na nyeupe, lile la kwanza hupotea, likabaki la pili tu. Na picha hiyo bado hueleweka: uso hujulikana kuwa uso, na mlima kuwa mlima. Basi kiasi cha mwanga ndiyo mifupa ya picha, na rangi ni nyama yake. Mwanafunzi akikosea mifupa, hata akinunua rangi za bei kubwa, mwili hautasimama.

Picha moja ya Monet yaonyesha jambo hilo kwa namna ya ajabu. Ni ile aliyoichora bandarini Le Havre mwaka 1872, yenye jua jekundu likichomoza katika ukungu juu ya maji ya buluu na kijivu. Jina aliloipa, lenye maana ya hisia ya mapambazuko, ndilo lililotumiwa na gazeti lile la mwaka 1874 kuwabandika wenziwe wote jina la kejeli, na jina hilo likawa la heshima baadaye. Jua katika picha hiyo huonekana kama linawaka na kutetemeka. Lakini Bibi Margaret Livingstone, mtaalamu wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kwamba ukiitoa rangi yote katika picha ile, jua hilo karibu linatoweka, kwa sababu mwanga wake ni sawasawa na ule wa mawingu yaliyo nyuma yake. Sehemu ya ubongo inayotambua rangi huliona wazi. Sehemu inayopima mwanga na mahali pa vitu haliioni vizuri. Ndipo mtazamaji hulihisi kwamba halitulii. Angalilipaka jua lile kwa rangi nyeupe zaidi, kama afanyavyo kila mwanafunzi, lingalitulia kama sahani.

Kivuli si Cheusi

Jambo la tatu ni vivuli. Mwanafunzi akiambiwa achore kivuli cha mti, huchukua rangi nyeusi. Lakini giza kamili halipatikani nje mchana. Mahali ambapo jua limezuiwa na mti bado pamulikwa na mbingu, na mbingu ni taa kubwa ya buluu. Kwa hiyo kivuli kilicho juu ya ardhi nyeupe au ya mchanga huwa na rangi ya buluu, na siku ya jua la jioni la manjano huonekana cha zambarau. Tena, kila kitu kilichopigwa na jua huazima jirani zake nuru yake. Ukuta mweupe ulio karibu na majani hupata ukijani. Kidevu cha mtu aliyevaa kanzu nyeupe humulikwa kutoka chini. Udongo mwekundu hupandisha wekundu kwenye tumbo la ng'ombe.

Monet aliliamini jambo hili kiasi kwamba aliacha kabisa kutumia rangi nyeusi katika kazi zake za baadaye. Mwaka 1905, alipoulizwa juu ya rangi zake, alitaja sita tu: nyeupe, ya manjano, nyekundu za namna mbili, buluu na kijani. Giza lote lililohitajiwa lilitoka katika kuzichanganya hizo. Mwanafunzi mwenye fedha chache asione haya basi kuanza na rangi chache. Anayejua kuzichanganya rangi nne au tano ni tajiri kuliko mwenye sanduku la thelathini asizozijua.

Rangi na Jirani Yake

Jambo la nne liligunduliwa kwa sababu ya malalamiko ya kazini. Mwaka 1824 mtaalamu wa kemia Michel Eugène Chevreul alifanywa mkuu wa kazi za kutia rangi katika kiwanda cha serikali cha Gobelins mjini Paris, ambapo mazulia ya kutundika ukutani yalifumwa. Mafundi walinung'unika kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi za kutosha zilipofumwa pamoja na nyuzi za buluu na za zambarau. Chevreul hakuwakemea watia rangi, wala hakuwapuuza wafumaji. Alizipima nyuzi zile pamoja na nyuzi nyeusi zilizotoka kwingine, akaona kwamba hazina kasoro. Ndipo alipotambua kwamba kosa halikuwamo katika nyuzi, bali katika ujirani. Rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huibadili nyingine machoni pa mtazamaji. Alitoa kitabu juu ya habari hiyo mwaka 1839, na wachoraji wengi walifaidika nacho.

Kanuni yenyewe ni hii. Kila rangi ina mwenzake wa upande wa pili: nyekundu na kijani, buluu na ya chungwa, manjano na zambarau. Wawili hao wakiwekwa kando kando, kila mmoja humtia mwenziwe nguvu. Wakichanganywa pamoja juu ya kibao, huuana, ikapatikana rangi ya kijivu au ya matope. Asiyesadiki akitazame kitambaa chekundu kwa nusu dakika bila kupepesa, kisha aelekeze macho kwenye karatasi nyeupe; ataona umbo lile lile, lakini la rangi ya kijani. Jicho lililochoshwa na nyekundu limemletea mwenzake.

Marundo Yaliyo Nyuma ya Nyumba

Mwaka 1883 Monet alihamia kijiji cha Giverny, na mwaka 1890 akainunua nyumba aliyokuwa amepanga. Karibu yake palikuwa na shamba la ngano. Wakulima wa huko walikuwa na desturi ya kukusanya ngano pamoja na mabua yake, wakaipanga katika rundo kubwa refu kuliko mtu mara tatu, wakaliezeka juu kwa majani kama nyumba ya msonge, ili mvua isiingie. Rundo lilikaa hivyo mpaka zamu ya mashine ya kupura ilipofika kijijini, na mara nyingine hiyo ilikuwa baada ya miezi mingi. Kwa mkulima, rundo lile lilikuwa chakula cha nyumba yake na malipo ya jasho la mwaka mzima. Kwa Monet lilikuwa kitu kisichohama, ambacho nuru ingeweza kukivalisha na kukivua.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba hapo mwanzo alidhani vitambaa viwili vingetosha, kimoja cha siku ya jua na kimoja cha siku ya mawingu. Lakini alipoanza kazi aliona nuru imekwisha kubadilika, akamtuma Blanche, binti yake wa kambo, nyumbani kuleta kitambaa kingine, na baada ya kitambo kingine tena. Mwisho ikawa desturi yake kwenda shambani na vitambaa vingi. Kila kimoja alikichora kwa muda mfupi tu, nuru yake ilipokuwapo. Ilipopita, alikiweka chini akachukua kinachofuata, na kesho yake saa ile ile akakirudia. Aliendelea hivyo tangu mwisho wa kiangazi cha 1890 hadi theluji ya mwanzo wa 1891.

Mambo yote manne yaliyotajwa yamo katika picha zile. Jioni, rundo lililo kati ya jua na mtazamaji lina ukingo wa moto, na upande wake wa kivuli ni mwekundu wa giza uliochanganyika na zambarau. Siku ya theluji, ardhi ambayo kila mtu angaliita nyeupe imejaa waridi na manjano penye jua, na kivuli kirefu cha rundo kimelala buluu. Asubuhi ya ukungu, rundo lile lile ni la buluu na kijivu, karibu halitengani na vilima. Ngano ni ile ile. Hakuna rangi hata moja iliyo ile ile.

Mwezi wa Mei, 1891, picha kumi na tano kati ya hizo zilionyeshwa pamoja mjini Paris, zikanunuliwa upesi. Katika miaka ya 1890 picha moja ilifika Moscow, ambako kijana wa Kirusi, Wassily Kandinsky, aliitazama bila kutambua kwamba ni rundo, mpaka aliposoma orodha. Lakini nguvu ya rangi zake haikumtoka moyoni, naye baadaye akawa mchoraji mashuhuri. Mwaka 2019 picha moja ya marundo hayo iliuzwa kwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 110.

Kumchora jirani yake kulikuwa na hatari zake. Katika mwaka ule wa 1891 Monet alikuwa akichora safu ya miti mirefu ya kando ya mto Epte, mara kijiji chenye miti hiyo kikaamua kuiuza ikatwe mbao. Monet alimwendea mfanya biashara wa mbao, akakubali kutoa fedha zake mwenyewe ili yule anunue miti hiyo na kuiacha imesimama mpaka picha zimalizike. Wanakijiji walipata bei yao, mwenye mbao alipata miti yake, na mchoraji alipata muda.

Jinsi ya Kuanza

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka kujifunza kazi hii hahitaji kwenda Ufaransa, wala kununua vyombo vingi. Na aanze na yai jeupe juu ya kitambaa cheupe, karibu na dirisha moja. Alitazame kwa macho yaliyofinywa nusu, mpaka mambo madogo madogo yapotee na kubaki sehemu tatu au nne tu za mwanga na kivuli. Azichore sehemu hizo kwa makaa au penseli, bila rangi yoyote. Akiisha kufaulu, aweke kitambaa chekundu kando ya yai, atazame jinsi wekundu unavyopanda kwenye upande wa kivuli. Hapo ndipo aanze kutumia rangi.

Zoezi la pili ni la kupigana na mazoea. Achukue kipande cha karatasi ngumu ya kijivu, atoboe tundu dogo katikati, atazame kwa tundu hilo sehemu moja tu ya kile anachotaka kukichora. Bati la nyumba, lililotengwa na jina lake, laweza kuonekana la buluu kama mbingu; barabara ya udongo penye kivuli yaweza kuonekana ya zambarau. Aichanganye rangi aionayo, aipake ukingoni mwa tundu, alinganishe. Ikiwa si sawa, ajiulize: je, kosa ni la rangi, au la kiasi cha mwanga? Mara nyingi ataona kwamba ni la mwanga.

Zoezi la tatu ni la saa. Achague kitu kimoja kisichohama, kama ghala au mwamba, akichore kwa nusu saa asubuhi, nusu saa mchana, na nusu saa jioni, kila mara kwenye karatasi nyingine ndogo. Hapa mwanafunzi wa Kenya hana budi kukumbuka kwamba nuru yake si ile ya Giverny. Huko, wakati wa baridi, jua hukaa chini kutwa, na vivuli ni virefu hata saa sita. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua la mchana husimama karibu na utosi, vivuli hukusanyika chini ya vitu, na machweo hupita upesi. Kwa hiyo anayetaka vivuli virefu atoke mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, au angojee saa kumi jioni, na awe tayari kufanya kazi haraka. Lakini asilikimbie jua la mchana. Ndilo nuru ya nchi yake, na lina vivuli vyake vilivyopata rangi kutoka udongo mwekundu ulio chini yao.

Gharama ya Jicho

Mazoezi hayo yaonekana mepesi, lakini jicho likiisha kufunzwa halimwachi mwenyewe apumzike. Mwezi wa Septemba, 1879, mke wa Monet, Camille, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 32, na kuacha watoto wawili. Monet alimchora akiwa juu ya kitanda cha mauti. Baadaye alimweleza rafiki yake Georges Clemenceau, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Ufaransa, kwamba alipokuwa ameketi karibu ya yule aliyempenda, alijikuta bila kutaka akizifuata rangi ambazo mauti yalikuwa yakizileta usoni: buluu, manjano, kijivu. Jambo hilo lilimtisha yeye mwenyewe. Picha ile ipo hata leo katika jumba la makumbusho la Orsay, Paris.

Kisha jicho lenyewe liliugua. Mwaka 1912 madaktari walimwambia kwamba ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Ugonjwa huo hulifanya lile jambo linaloruhusu nuru kuingia ndani ya jicho liwe na ukungu na rangi ya manjano au kahawia, likazuia sehemu ya buluu na zambarau, kama mtu anayetazama dunia kupitia chupa ya dawa. Mzee ambaye kwa miaka hamsini alikuwa amejizoeza kutoamini majina ya vitu, sasa alilazimika kuamini majina yaliyoandikwa kwenye mirija ya rangi, na kuzipanga rangi zake kwa utaratibu usiobadilika, kwa kuwa hakuweza tena kuzitegemea zionekanavyo. Baadhi ya picha za miaka ile zimejaa wekundu na ukahawia, na nyingine aliziharibu kwa hasira.

Aliogopa kisu cha daktari kwa muda mrefu. Mwishowe, mwaka 1923, baada ya Clemenceau kumsihi sana, jicho la kulia lilipasuliwa. Alipofunguliwa bendeji mambo hayakuwa shwari: mara aliona kila kitu cha manjano, mara kila kitu cha buluu. Alijaribu miwani baada ya miwani, akakasirika, akakata tamaa, akarudi kazini. Kwani alikuwa na ahadi. Mnamo Novemba 1918, mara tu Vita Kuu ya Kwanza ilipositishwa, alikuwa ameahidi kuipa nchi yake picha kubwa za mayungiyungi ya bwawa lake la Giverny, naye alizishughulikia karibu mpaka mwisho. Alikufa tarehe 5 Desemba, 1926, mwenye umri wa miaka 86, na mwezi wa Mei, 1927, vyumba viwili vya umbo la yai katika jumba la Orangerie, Paris, vikafunguliwa kwa watu wote.

Ndani ya vyumba hivyo hamna mbingu wala ukingo wa bwawa unaoonekana wazi. Mna maji tu, na nuru juu ya maji, kutoka mapambazuko hadi jioni. Marundo ya ngano ya mwaka 1890 yalipurwa zamani, nafaka ikasagwa, ikaliwa, na mabua yakaoza. Miti ya mto Epte iliangushwa kama ilivyokusudiwa. Mkulima wa ngano alifanya kazi yake vyema, na mpasua mbao vilevile. Nusu saa moja ya jua juu ya shamba la jirani imebaki, kwa sababu mtu mmoja alisimama penye baridi akaitazama mpaka ikapita, na kesho yake akarudi saa ile ile.